Rakuni ana watoto darini: tuanzie wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi nje kidogo ya Columbus, Ohio, katika nyumba tuliyoinunua mwaka jana. Tangu mwisho wa Aprili tunasikia vishindo darini usiku, na sasa zimeongezeka sauti nyembamba kama za vifaranga, mchana na usiku. Juzi saa nne asubuhi tulimwona rakuni mkubwa, yule mnyama mwenye kinyago cheusi usoni na mkia wa pete, akishuka kwenye mti ambao matawi yake yanagusa paa. Jirani mmoja anashauri tukodi mtego wa kizimba, tumkamate, tukamwachie msituni maili 15 kutoka hapa. Mwingine anasema tumwage naftalini darini. Mume wangu anasema rakuni anayetembea mchana ana kichaa cha mbwa. Tuna kuku 6 uani na bustani ya mahindi na sukuma wiki, na nyuma ya rundo la kuni, mahali watoto wanapochezea, tumekuta lundo la mavi. Tuanzie wapi, na hatari ni kubwa kiasi gani?"

Hizo sauti nyembamba ndizo zinazoamua kila kitu kitakachofuata. Dari ikitoa vilio vya namna hiyo mwezi wa Mei, aliyemo ni rakuni jike na watoto wake. Rakuni hupandana kati ya Januari na Machi, mimba huchukua siku 63 hivi, na watoto huzaliwa Aprili au Mei, kwa kawaida 3 hadi 5. Huzaliwa macho yamefumba, huyafumbua wakikaribia wiki ya tatu, na hawatoki kumfuata mama yao mpaka wafikishe kama wiki 8. Dume hashiriki malezi. Kwa hiyo juu ya vichwa vyenu yuko mama mmoja aliyetafuta mahali pakavu, pa juu, pasipofikiwa na mbwa wala dume mgeni, na dari yenu ikamfaa.

Ndugu yangu, kazi yenu si kumkamata. Ni kumfanya aone kwamba hapo hapafai tena, awabebe wanawe mwenyewe awapeleke kwingine, ndipo mzibe tundu. Utaratibu huo hauna budi kufuatwa kama ulivyo. Mkiziba kwanza au mkimnasa kwanza, tatizo la siku chache litageuka la miezi.

Mume wako mwambie atulie kuhusu kutembea mchana. Ni kweli rakuni ni mnyama wa usiku, lakini jike anayenyonyesha ana njaa kuliko usiku mmoja unavyoweza kumtosheleza, na mara nyingi hutoka asubuhi au alasiri, watoto wakiwa wamelala. Mnyama anayeshuka mti kwa ustadi, anayeangalia huku na huku na kukimbia akiwaona watu, hana dalili za kichaa. Wa kuogopa ni yule anayepepesuka, anayezunguka mahali pamoja, anayeburuta miguu ya nyuma, au anayewasogelea watu bila woga wowote. Hata huyo si lazima awe na kichaa cha mbwa. Ugonjwa wa mbwa uitwao distempa huwashika rakuni sana na dalili zake hufanana, lakini kwa macho hamwezi kutofautisha, kwa hiyo msimkaribie, pigeni simu.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tumefundishwa kwamba kichaa kinatoka kwa mbwa, na kwa kule ni sahihi. Marekani mbwa wengi wamechanjwa, na virusi vinaishi zaidi kwa popo, rakuni, vicheche wenye harufu kali na mbweha. Aina inayobebwa na rakuni imeenea majimbo ya mashariki. Ohio mashariki iko mpakani mwa eneo hilo, na ndiyo maana tangu miaka ya 1990 serikali humwaga huko chambo zenye chanjo, kwa ndege na kwa magari, ili ugonjwa usisonge magharibi.

Hapo ndipo ushauri wa mtego na maili 15 unapokwama. Mwishoni mwa miaka ya 1970, rakuni waliosafirishwa kutoka kusini mashariki mwa Marekani kwa ajili ya uwindaji waliupeleka ugonjwa huo hadi mpaka wa Virginia na West Virginia, na kutoka hapo ukaenea pwani yote ya mashariki. Gari moja lenye mnyama mmoja mgonjwa linaweza kuruka mstari ambao chanjo za miaka mingi zimeulinda. Sheria ya Ohio inalizingatia hilo: rakuni aliyenaswa kwa sababu ya usumbufu huachiwa papo hapo aliponaswa, au huuawa kwa njia isiyo ya mateso. Kumhamisha hakuruhusiwi. Na hata kama kungeruhusiwa, fikirieni kinachobaki darini: watoto wanne wasio na mama, wanaolia siku mbili tatu kisha wakanyamaza. Harufu ya mizoga yao hukaa wiki nyingi, nzi wanafuata, na mafundi wanalazimika kubomoa dari ya chumba kuwatoa.

Naftalini ni mbaya zaidi. Vile vidonge ni sumu ya nondo, imetengenezwa kwa kabati lililofungwa, na Marekani kuitumia kinyume na maelekezo ya pakiti ni kosa la kisheria. Darini mvuke wake hauishii huko, unashuka kwenye vyumba kupitia matundu ya taa. Na liko jambo linalotuhusu kwa karibu: naftalini huvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, ikiwemo pwani ya Afrika Mashariki. Mtoto mwenye hali hiyo anaweza kulazwa hospitali kwa sababu ya kuvuta mvuke huo. Amonia nayo msiitumie, huwachoma macho na mapafu watoto wa rakuni wasioweza kusogea. Ama sumu ya kula, hakuna iliyosajiliwa kwa ajili ya rakuni. Anayetega nyama yenye sumu anavunja sheria, na mara nyingi anayekufa ni mbwa wa jirani.

Sasa njia yenyewe. Mchana, zungukeni nyumba mkitafuta tundu. Rakuni mzima hupenya nafasi ya upana wa sentimita 10 hivi, na hupenda pale kingo mbili za paa zinapokutana, mbao zilizooza chini ya ukingo wa paa, na matundu ya hewa yenye kifuniko cha plastiki. Alama zake ni mafuta meusi yaliyopakaa pembeni, manyoya yaliyonasa na mikwaruzo ya kucha. Tundu likijulikana, msilizibe.

Jioni, kabla giza halijaingia vizuri, wekeni darini vitu vitatu kwa pamoja: taa yenye mwanga mkali, redio iliyofunguliwa kituo cha mazungumzo, na matambara yaliyolowekwa siki. Mazungumzo hufanya kazi kuliko muziki kwa sababu sauti ya mtu kwake ni sauti ya adui. Taa iwe ya LED isiyopata moto, na isiguse sufi ya kuzuia baridi. Anayepanda akanyage mbao za dari tu, maana katikati ya mbao ni ubao mwembamba na mguu utatokezea sebuleni. Na asijiweke kati ya mama na watoto wake. Akimwona anakoroma na kujitutumua, ashuke. Kama hamjiamini, mlango wa darini ukifunguliwa kidogo, taa na redio vikawekwa papo hapo mlangoni, inatosha.

Jike wa rakuni huwa na maficho zaidi ya moja. Atawabeba watoto kwa mdomo, mmoja mmoja, akiwashika shingoni, na kazi hiyo huweza kuchukua usiku mmoja au siku tano. Mvua kubwa au baridi humfanya asubiri. Msiongeze fujo kila saa, mwacheni ahame. Sauti zikikatika, jazeni tundu kwa magazeti yaliyokunjwakunjwa, bila kuyakaza. Yakikaa bila kuguswa usiku mitatu mfululizo, na mkisikiliza mchana hakuna kilio, pandeni na tochi mwangalie pembe zote, hasa kwenye mteremko wa paa ambako sufi huwa imelaliwa ikabonyea. Pakiwa patupu, zibeni siku hiyohiyo.

Kuna mlango wa kutokea upande mmoja, wavu wenye kibao kinachofunguka nje tu. Ni kifaa kizuri kwa rakuni asiye na watoto, au watoto wakishafikisha wiki 8 hadi 9 na kutembea na mama yao usiku. Mkikifunga sasa, mama atafungiwa nje akiwasikia wanawe wanalia ndani, na atang'oa paa. Usemi huo si wa kutia chumvi: vigae vya lami na mbao laini hazimchukui muda.

Kuziba kwenyewe kunataka chuma. Povu la kupuliza, plastiki, na ule wavu mwembamba wa kuku wenye matundu ya pembe sita, vyote huvirarua. Nunueni wavu uliochomelewa wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, waya wake uwe mnene, au bati la kuezekea. Wavu uvuke ukingo wa tundu kwa sentimita 7 au zaidi kila upande, ukae kwenye ubao mzima usiooza, na ufungwe kwa skrubu zenye washa pana kila sentimita 10. Pini za kubana hutoka akivuta. Dohani iwekeeni kofia ya chuma yenye wavu pembeni, na mkishuku kuna mnyama ndani yake, msiwashe moto. Halafu kateni matawi yaliyo ndani ya mita 2 kutoka paani. Bado anaweza kupanda kwa bomba la maji ya mvua, kwa hiyo tawi likikatwa kazi ya kuziba inabaki palepale.

Niingie kwenye lile lundo nyuma ya kuni, kwa sababu katika yote uliyoeleza hilo ndilo la kushughulikia leo. Rakuni huchagua choo kimoja na kukirudia, mara nyingi juu ya gogo, jiwe, paa tambarare au chini ya mti. Mavi yao ni meusi, ya mviringo mrefu, na yana mbegu na maganda ya matunda ndani. Rakuni wengi, hasa wadogo, wana mnyoo wa tumboni uitwao Baylisascaris procyonis. Mayai yake hayaonekani kwa macho. Yakitoka na mavi mabichi hayaambukizi bado, yanahitaji wiki 2 hadi 4 udongoni ndipo yakomae, na yakishakomaa hudumu miaka. Mtu akiyameza, vijidudu huanguliwa na kuzunguka mwilini, na vikifika kwenye macho au ubongo madhara yake huwa ya kudumu. Wagonjwa waliowahi kurekodiwa ni wachache sana. Lakini wengi wao ni watoto wadogo, wale wanaotia udongo na vijiti mdomoni, na ndiyo sababu watoto wako wahamishwe kuchezea kwingine tangu sasa.

Vaeni glavu za mpira, mabuti, na barakoa ya N95. Nyunyizieni lundo maji kidogo ili vumbi lisiruke, lichoteni kwa koleo pamoja na sentimita 5 za udongo wa juu, mtie kwenye mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, mfunge, iende na taka. Kisha mwageni maji yanayochemka, yanayotokota kwelikweli, kwenye eneo lote, mara mbili tatu, na juu ya koleo pia. Jiki na dawa nyingine za klorini hazisaidii hapa, mayai hayo yana ganda linaloistahimili. Kinachoyaua ni joto tu. Baadhi ya watu huchoma mahali hapo kwa moto wa gesi, lakini karibu na rundo la kuni kavu nashauri muwaachie wazima moto mbinu hiyo. Kuni zilizochafuka zitupwe, zisiingizwe ndani ya nyumba. Nguo zifuliwe kwa maji ya moto, mabuti yabaki nje. Baada ya hapo pitieni uani mara moja kwa wiki: choo kipya kikiondolewa ndani ya siku chache hakiwahi kuwa cha hatari.

Kama mtoto ameonekana akitia mdomoni udongo wa pale, mpigieni daktari siku hiyohiyo, msisubiri dalili. Tiba ya kinga ni albendazoli, na hufaa ikianza mapema, ndani ya siku 3 hivi. Najua nyumba nyingi zetu zina kidonge cha minyoo kilichotoka nyumbani. Kile kidonge kimoja cha kampeni za shule si dozi ya mnyoo huyu. Hapa dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto na huendelea kwa siku nyingi chini ya uangalizi.

Kuku wenu 6 watakuwa salama au la kutegemea komeo na wavu. Mkono wa rakuni una vidole vitano virefu vyembamba, na ngozi ya kiganja chake huhisi kiasi kwamba anafanya kazi gizani bila kuangalia. Huvuta komeo, huinua ndoano, huzungusha kipini. Kwenye wavu wenye matundu makubwa hupitisha mkono, humshika kuku aliyelala karibu, akamvuta vipandevipande bila kuingia bandani. Asubuhi mtakuta kuku hana kichwa na banda limefungwa vilevile. Dawa yake ni wavu uleule wa nusu inchi pande zote mpaka juu, na sketi ya wavu iliyolazwa ardhini kuelekea nje kwa sentimita 30, imefukiwa kidogo, maana mchimbaji huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Kila mlango uwe na komeo linalohitaji vitendo viwili, yaani komeo pamoja na klipu ya chuma yenye springi. Kuku wafungiwe kabla ya magharibi kila siku, na mabaki ya chakula chao yaondolewe.

Sukuma wiki hatazisumbua sana. Mahindi matamu ndiyo karamu yake, na huja pale punje zinapotoa maziwa, siku chache kabla hamjavuna: bua limelazwa, ganda limechanwa, gunzi limetafunwa nusu na kuachwa akaanza jingine. Pilipili, nywele, mkojo wa mbwa mwitu wa dukani na vifaa vya kutoa sauti visivyosikika na binadamu humchanganya usiku mmoja au miwili, basi. Kinachofanya kazi ni uzio wa umeme wa nyuzi mbili, moja sentimita 15 kutoka ardhini, ya pili sentimita 30. Mtambo wake uwe ule uliotengenezwa na kuthibitishwa kwa ajili ya uzio, unaotoa mshtuko mfupi wa kukatika, si waya wa soketi ya ukutani, ambao unaua. Ufungeni wiki mbili kabla ya mahindi kukomaa, ili auguse kwanza kabla hajaonja. Uwasheni magharibi, uzimeni asubuhi kabla watoto hawajaamka kwenda uani. Sababu kubwa ya uzio kushindwa ni majani mabichi yanayogusa waya wa chini na kuushusha umeme ardhini, pamoja na nondo ya athi, yaani fimbo ya chuma inayounganisha mtambo na ardhi, iliyopigwa kwenye udongo mkavu. Fyekeni chini ya waya kila wiki, na mwagieni nondo maji jua likizidi.

Taka zitoke asubuhi ya siku ya gari na si usiku wake, kifuniko kibanwe kwa kamba ya mpira yenye ndoano, na chakula cha paka au cha ndege kisilale nje. Bila hilo, mkimwondoa huyu atakuja mwingine.

Mkihitaji kampuni, na kwa paa la ghorofa au dari iliyojaa mavi na sufi iliyochafuka mnaihitaji, iwe na leseni ya jimbo ya kushughulikia wanyamapori waharibifu. Muulizeni fundi jambo moja kabla ya bei: atafanya nini kuhusu watoto? Akijibu kwamba anaweka mtego usiku huohuo, bila kupanda kuangalia, tafuteni mwingine.

Na mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na rakuni, kidonda kioshwe kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kwa asiyewahi kuchanjwa, matibabu ni sindano ya kingamwili siku ya kwanza, na chanjo nne: siku hiyo (inayohesabiwa kuwa siku ya 0), kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Baada ya dalili kuanza, hakuna tiba ya kutegemea. Mnyama mwenyewe asipigwe kichwani, maana kipimo hufanyiwa ubongo. Mbwa au paka wenu akigombana naye, mpelekeni kwa daktari wa mifugo hata kama ana chanjo, apate ya kuongezea. Watoto wa rakuni mkiwakuta chini wamelala, wafunikieni na boksi jepesi ambalo mama anaweza kulisukuma, muwaachie usiku mmoja. Asubuhi wakiwa bado pale, piga simu kwa kituo chenye leseni ya kutunza wanyamapori, na msiwashike kwa mikono mitupu wala kuwalisha maziwa ya ng'ombe.